Maneno Yasiyokuwemo Kwenye Muvi

Muvi za watu wanaorudi nyuma katika wakati Luhende alikuwa amezikataa mara mbili mwaka huo, na mara zote mbili Masunga hakumuuliza sababu.

Masunga alikuwa na banda la video karibu na soko la Bariadi, banda la mabati lenye mabenchi kumi na sita na skrini mbili, na kwa miaka tisa Luhende ndiye aliyekuwa mdomo wa banda hilo. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Alipewa muvi ya Wachina, ya Wakorea, ya Wahindi, akajifungia chumbani kwake na maiki na kompyuta, akasema kwa Kiswahili badala ya wote waliomo: wazee, watoto, majambazi, wake za majambazi. Pale hadithi ilipolala aliichangamsha kwa maneno yake mwenyewe, mara nyingine akachomeka na Kisukuma, watu wakacheka mpaka wakagonga mabenchi. Kutoka Bariadi hadi Maswa na Meatu walikuwepo watu wengi walioijua sauti yake ambao hawangemtambua wakikutana naye njiani.

Mara ya tatu Masunga alikuja mwezi wa saba, pamba ikiwa imeshatoka mashambani na watu wa vijijini wana nafasi ya kukaa.

"Hii usinikatalie," alisema, akampa flashi. "Watu wananisumbua. Wameona vipande kwenye simu, wanataka kuielewa. Mtu analala, akiamka ni jana."

"Si jana. Ni leo ileile."

"Kumbe unaijua."

"Naijua namna yake. Zote ziko hivyo. Mtu anapewa siku yake tena na tena mpaka aipatie."

"Na wewe huzipendi."

Luhende aliiweka flashi mfukoni. Akimkatalia Masunga mara ya tatu ingebidi atoe sababu, na sababu hiyo hakuwahi kumpa mtu yeyote.

Ilikuwa hadithi ya mzimamoto wa mji mmoja wa Korea wenye baridi. Mke wake anauza mikate. Asubuhi wanagombana kuhusu mwavuli uliopotea, mume anaondoka bila kuaga, na saa sita mchana mtungi wa gesi unalipuka pale dukani na mke anakufa. Mume analala na nguo zake za kazi. Akiamka, birika linapiga filimbi jikoni na mke yuko hai, anatafuta mwavuli. Basi anaanza kuhangaika. Anamfungia mlango, mke anatokea dirishani na kugongwa na gari. Anawahi dukani kuuondoa mtungi, moto unaanzia jengo la jirani. Anamsimulia kila kitu, mke anamwona amechanganyikiwa, anakimbilia mjini, anafia huko. Siku inarudi zaidi ya mara arobaini. Mwisho mzimamoto anaacha kupigana nayo. Anamsaidia mke kutafuta mwavuli, anamsindikiza kazini, anakaa naye ndani ya duka mpaka saa sita.

Kazi ya siku mbili ilimchukua Luhende wiki nzima.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa tatu, mke wake Veronica alikuwa amekwenda kwao Nkololo kutunzwa na mama yake, kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza. Walikubaliana kwamba Jumamosi Luhende angekodi gari la jirani, amlete mjini akae karibu na hospitali wiki mbili zilizobaki. Uchungu ukaanza Jumatano. Mvua zilikuwa zimeshajaza ule udongo mweusi wa mbugani, pikipiki zinanasa mpaka magurudumu hayaonekani, na gari pekee la kijijini lilikuwa limekwenda mnadani Lalago. Machibya, kaka mdogo wa Veronica, alipanda juu ya kichuguu nyuma ya boma, mahali ambapo simu zilishika, akampigia shemeji yake alete gari. Alipiga mara sita. Kila mara yule mwanamke wa mtandao alimjibu kwamba namba haipatikani. Saa tatu wakamlaza Veronica kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mtoto alizaliwa njiani, akalia. Damu ya mama haikukata, na kabla ya kufika zahanati alikuwa ameshakufa.

Asubuhi hiyo Luhende alikuwa chumbani kwake, kati ya magodoro aliyoyasimamisha ukutani kuzuia kelele. Alikuwa na muvi ya vipande vinne ya kumaliza. Simu ikiwa karibu na maiki huunguruma inapotafuta mtandao, na mngurumo ule ukishaingia kwenye sauti hautoki. Kwa hiyo saa moja aliizima. Siku nyingine zote, tangu mimba ifike mwezi wa nane, aliiacha ikiwaka nje ya mlango na kutoka kila baada ya muda kuitazama. Siku hiyo aliona uvivu kuinuka-inuka. Aliiwasha saa tano kasoro, ujumbe ukaingia kwamba amepigiwa mara sita, na alipompigia Machibya alisikia vilio kabla hajasikia neno.

Msibani, Machibya alimsogelea akamuuliza taratibu, bila shari, "Shemeji, simu ilikuwaje?"

"Ilikuwa hewani siku nzima," Luhende alisema. "Huo mtandao wa huku kwenu ndivyo ulivyo."

Machibya akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kila mtu Nkololo alijua mtandao wa huko ulivyo.

Sasa, mwaka mmoja na miezi minne baadaye, Luhende alikuwa amevaa spika za masikioni akimwangalia yule mzimamoto. Kuna mahali, baada ya siku kama ya ishirini, mzimamoto anakaa kwenye ngazi za nyumba yake na hasemi kitu. Ni dakika moja na nusu. Hakuna muziki, ni mtu tu na mvua. Mtafsiri yeyote hujaza mahali kama hapo, la sivyo watazamaji hudhani spika zimeharibika. Luhende alifungua mdomo bila kuwa ameandika chochote.

"Niliizima simu," alisema kwa sauti ya mzimamoto. "Saa moja asubuhi. Hakuna aliyeniambia niizime. Alikuwa anakufa, wakanipigia mara sita, na mimi nilikuwa nimezima. Shemeji aliponiuliza nikasema ilikuwa hewani, tatizo ni mtandao wa kwao. Aliniamini. Ningerudishiwa siku, nisingeomba nyingine. Hiyohiyo. Nisingefanya jambo kubwa. Ningeacha simu ikiwaka."

Mzimamoto aliinuka kwenye ngazi, mvua ikaendelea, na Luhende akaendelea na kazi mpaka mwisho.

Jioni aliisikiliza yote tangu mwanzo. Alipofika pale kwenye ngazi aliyawekea alama yale maneno ili ayafute, akakaa akiyatazama. Kuyafuta ni kubonyeza mara moja. Alijiambia kwamba hakuna atakayejua ni ya nani, watu watadhani ni ya muvi. Alijiambia pia kwamba amechoka. Hakuyafuta.

Muvi ilijaza banda siku tisa mfululizo. Watu walitoka wakibishana mpaka barabarani. Mmoja alisema angerudi siku aliyouza ng'ombe wa baba yake. Mwanamke mmoja wa Somanda alisema angerudi siku aliyokubali posa, wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Pale kwenye ngazi banda zima lilikuwa linanyamaza, hata wauza karanga.

"Yale ya simu umeyatoa wapi?" Masunga alimuuliza. "Mbona huyo mzimamoto sioni anapozima simu?"

"Nimeongeza."

"Umeongeza vizuri," alisema Masunga.

Kutoka bandani muvi ilihamia kwenye flashi, kutoka kwenye flashi ikahamia kwenye simu, na mwezi wa nane ulipoanza ilikuwa imeshafika vijijini, kwenye mabanda yanayoendeshwa kwa sola.

Machibya alifika Bariadi siku ya Jumanne asubuhi. Luhende alikuwa uani anafua. Kijana alikuwa na miaka ishirini na nne, mrefu, na tangu msiba alikuwa amekonda na kuwa mtu wa maneno machache. Luhende alidhani ni msiba tu.

"Mwangaluka, shemeji," kijana alisalimia.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," alisema Machibya. Hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa. Alitoa simu yake mfukoni, akaibonyeza, na sauti ya Luhende ikasikika pale uani juu ya beseni la nguo. *Niliizima simu. Saa moja asubuhi.* Aliiacha ikasema mpaka mwisho wa maneno, akaizima.

"Haya maneno yamo kwenye muvi?"

Luhende aliuona mlango ukiwa wazi mbele yake. Neno moja tu lilitakiwa, na hakuna mtu Nkololo aliyejua Kikorea. Mikono yake ilikuwa na mapovu hadi viwikoni.

"Hayamo," alisema.

Machibya alikaa sasa. Alikaa chini, si kwenye kigoda.

"Niliisikia Jumamosi, kwenye banda la pale senta," alisema. "Nikafikiri ni kichwa changu. Nikamwomba mwenye banda arudishe nyuma. Akarudisha. Watu wakanipigia kelele nikatoka." Aliirudisha simu mfukoni. "Unajua kanisani pana mtandao?"

"Kanisani wapi?"

"Kwetu. Pale kwenye kengele. Unashika wote, haukatiki. Kutoka kwenye kichuguu ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu. Ulivyoniambia simu ilikuwa hewani, nikaanza kuzunguka na simu. Kichuguuni, mtaroni, juu ya mti, shuleni. Kila mahali nasimama napiga. Nimefanya hivyo miezi, watu wakaanza kusema nina mashetani. Mpaka nikafika kwenye kengele. Nikasema, basi ni hapa. Siku ile ningekimbia hatua mia mbili ningempata shemeji, na dada angekuwa hai. Niling'ang'ania kichuguu kama mjinga."

"Machibya."

"Kila asubuhi nikiamka naikimbia ile njia. Nimelala kitandani, naikimbia. Nafika kwenye kengele, napiga, unapokea."

Luhende alitaka kusema kwamba hakukusudia hayo, lakini aliposikia neno lenyewe linavyokuja alilimeza. Alikuwa amekusudia kujiokoa, na hakuangalia mzigo ule unamwangukia nani.

"Nisamehe," alisema.

"Sikuja kwa hilo. Vaa shati, twende ukamwambie mama."

Walikwenda kwa pikipiki moja, Machibya akiendesha na Luhende nyuma. Ilikuwa kiangazi, udongo umepasuka, vumbi limefunika mabua ya pamba yaliyokuwa yakisubiri kuchomwa. Njia iliyowashinda ng'ombe siku ile waliimaliza kwa dakika hamsini.

Felisita, mama yake Veronica, alikuwa uani anageuza michembe kwenye turubai, vipande vya viazi vikitoa ile harufu yao tamu chini ya jua. Mtoto, Anna, alikuwa amekaa ukingoni mwa turubai na kipande mdomoni. Alimtazama baba yake kama anavyotazama mgeni yeyote, kisha akamnyooshea Machibya mikono.

Luhende alichuchumaa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, akasalimia huku ameangalia chini. Felisita aliitikia, akauliza habari za mjini, akaona uso wa mwanawe, akaacha kuuliza.

"Mayu," Luhende alisema, "nilidanganya kuhusu simu." Akaeleza yote tangu saa moja asubuhi, magodoro, uvivu, ujumbe wa saa tano kasoro, alichomjibu Machibya msibani. Hakuchukua muda mrefu. Alishangaa ilivyo fupi, jambo alilokaa nalo muda wote ule.

Felisita hakulia. Aliendelea kugeuza michembe mpaka akafika mwisho wa mstari, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Uchungu haukuanza asubuhi," alisema.

Machibya, aliyekuwa amembeba mtoto, alimtazama mama yake.

"Ulianza jana yake, jua likizama," Felisita aliendelea. Sasa alikuwa anazungumza na turubai. "Akaniambia, mayu, nimpigie Luhende aje na gari. Barabara ilikuwa bado haijanyeshewa. Nikamwambia uchungu wa kwanza ni mrefu, mimi niliumwa uchungu wako siku mbili, muache mume wako afanye kazi. Akaomba tena baadaye. Nikamwambia awe na moyo mgumu, asiwe mtu wa mjini. Kulipokucha ilikuwa imenyesha."

"Hukusema," Machibya alisema.

"Sikusema."

"Miezi yote hiyo unaniona nazunguka na simu. Ulinipeleka kuombewa."

"Nilikupeleka."

"Ulijua si kichuguu."

"Nilijua," alisema Felisita. "Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Ukiingia ndani na simu yako mkononi, naogopa. Nikaona heri ufikiri ni mtandao, mtandao hauna mtu."

"Ulikuwa na mtu," Machibya alisema. "Mtu huyo nilikuwa mimi."

Luhende alijua amekwishasema lake na halikutosha, na mama naye alikuwa amesema lake. Kati ya wote watatu waliokuwa pale uani, ni mmoja tu aliyefanya kila alichoweza siku ile, na ndiye aliyekuwa ameubeba mzigo wa wote.

Machibya alimweka mtoto mapajani mwa bibi yake kwa upole sana. Akaingia ndani, akatoka na mfuko mdogo wa nguo na blanketi. Mama yake alimuuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda Kimali kwa baba mdogo, kuchunga.

"Mpaka lini?"

"Sijui, mayu."

Simu yake aliiacha juu ya kigoda cha mlangoni, ikiwa imezimwa. Pikipiki aliiacha pia, haikuwa yake. Waliusikia mlio wa hatua zake kwenye mabua makavu, kisha hawakuusikia. Mtoto alilia akimtaka, akalia mpaka akasinzia. Luhende alilala kwa jirani, na asubuhi akarudi mjini.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuirekodi ile sehemu upya. Safari hii aliuacha ukimya wa ngazini ulivyo, mvua tu, akampa Masunga nakala mpya. Masunga aliiweka bandani, lakini watu walilalamika kwamba imekatwa, wakataka ile ya mwanzo. Na ile ya mwanzo ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu asiowajua, katika vijiji asivyowahi kufika. Siku moja sokoni alimsikia kijana aliyebeba magunia akiigiza, kwa sauti nzito ya kuchekesha, "Nisingefanya jambo kubwa," na wenzake wakaitikia, "Ningeacha simu ikiwaka." Luhende aliacha kutafsiri mwezi wa tisa. Masunga alipata kijana kutoka Maswa, mwenye sauti kali, na baada ya wiki chache hakuna aliyemuuliza.

Alipata kibarua kwenye ghala la pamba, na kila Jumapili ya pili alikwenda Nkololo. Felisita alimpokea, akampa maji, akamkalisha. Walizungumza habari za mvua na za mtoto kuota meno. Mara moja tu, akiwa anachambua choroko, alisema bila kuinua kichwa, "Ule usiku aliomba mara tatu, si mbili." Luhende akaitikia kwamba amesikia. Hakukuwa na kingine cha kufanya na habari hiyo.

Machibya alirudi mwezi wa kumi na mbili, wakati wa kulima. Hakurudi kwa ajili yao. Alirudi kwa ajili ya shamba, na alilala kwenye kibanda alichojijengea upande wa pili wa zizi. Kwa mama yake alisema maneno ya kazi tu: jembe liko wapi, mbegu zimebaki ngapi. Kwa Luhende hakusema kitu. Mtu pekee aliyemchekea alikuwa Anna, ambaye sasa alitembea na kumfuata kila alipokwenda, hata zizini.

Jumapili moja kabla ya Krismasi Luhende alifika na gauni jipya la mtoto. Anna alikuwa amesimama mlangoni, na Machibya alikuwa anakuja kutoka shambani na matope hadi magotini. Mtoto alimwona kwa mbali, akatupa alichoshika, akakimbia kwa miguu yake mifupi.

"Baba," aliita. "Baba."

Machibya alisimama katikati ya uwanja. Alimtazama Luhende kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akangoja. Felisita naye aliacha kupepeta.

Luhende alikuwa na haki ya kusema kwamba baba ni yeye, na wote wawili walikuwa wanamsubiri. Alilikunja gauni, akaliweka juu ya kigoda, akasema mvua inakaribia na njia itaharibika, afadhali aondoke mapema. Machibya aliinama, akamnyanyua mtoto, akaingia naye kibandani.